Trei ya Bati

Mwangaluka, mwanangu. Keti hapa, upande huu hauna msumari.
Mimi si daktari. Naitwa Kalunde, nasukuma vitanda,
nafungua mlango huu mzito wenye risasi ndani yake
(risasi ya madini, si ya bunduki; usinitazame hivyo).
Umetoka Sikonge kwa pikipiki, na nyonga hiyo?
Pole. Basi nikwambie kabla hujaitwa,
maana ndani wana haraka, na haraka haina masikio.

Utavua. Si nguo zote: vile vya chuma.
Trei hii ya bati nimeishika miaka kumi na tisa.
Imebeba pete zilizogoma hadi tukaomba sabuni,
vibanio, sarafu za nauli kutoka pindo la kanga,
funguo za ghala la tumbaku,
na hirizi ya shaba ya mzee Luhende, mrina asali,
aliyesema haijawahi kumwacha tangu jandoni.
Sikubishana naye.
Nilisimama nje, nimeifumbata kiganjani, mpaka akatoka.
Kwenye picha chuma ni wingu jeupe:
husimama mbele ya mfupa na kusema uongo.

Shanga za kiunoni nazo. Najua.
Nitageukia ukutani, wewe zifunge kwenye kitambaa.
Hakuna atakayezihesabu.

Yule bibi anayemaliza chupa ya tatu ya maji
hana kiu. Ni wa utrasaundi, kibofu lazima kijae;
kila akinitazama naliona choo machoni pake.
Na kijana yule anayelamba midomo
hajatia kitu kinywani tangu jana usiku, wao wanatafuta nyongo.
Kila picha na masharti yake.
Usiige ya jirani, ulizia yako.

Wa siti skani, wakichomwa dawa ya mshipani,
husikia joto likishuka kutoka kooni hadi kinenani,
wakaapa wamejikojolea.
Hawajajikojolea!
Nyamizi wa Ipuli hakuambiwa; aliruka kitandani kwa aibu,
kazi yote ikaanza upya.
Mwenye figo mbovu, aliyewahi kuvimba midomo kwa sindano,
aseme akiwa hapa bendini, si akiwa kule mezani.

Wewe ni eksirei tu. Meza ni baridi, hiyo ndiyo adhabu yake.
Watakwambia: vuta pumzi, ishike. Ishike.
Ukitikisika, mfupa mmoja unakuwa miwili.
Mpiga picha hatakueleza kitu, usimwone ana kiburi,
msomaji ni mwingine, na majibu ni kesho.

Sasa sikiliza, nimeliacha hili la mwisho kwa makusudi.
Watakuuliza: una mimba?
Si umbea. Huulizwa kila mwanamke wa rika lako.
Mwanga ule hauonekani wala haunuki,
na kiumbe kichanga hakina mlango wa risasi.
Ukiwa nayo hawatakufukuza; watapima lipi lisubiri,
lipi lisisubiri, wapi wakufunike.

Binti mmoja wa Urambo aliulizwa mbele ya wakwe.
Alisema hapana, akatazama sakafu.
Niliiona ile sakafu. Nikamfungulia mlango hata hivyo.
Sijui yaliyofuata,
na kutojua huko ndiko kunakoniamsha usiku
treni ya Mpanda inapopiga honi.

Ndiyo maana nimemtuma mavyaa wako dirishani
akapange foleni ya risiti.
Risiti ninayo mimi, mfukoni.

Naona kilemba chake kinarudi, na hasira zake.
Huna haja ya kusema. Nionyeshe mkono chini ya kanga:
kidole kimoja, ndiyo.
Viwili, hapana.
Ngumi, sijui. Sijui nalo ni jibu, mwanangu,
wengi hulimeza wakidhani ni ujinga.

Ngumi.

Haya. Nipe bega, taratibu, mguu huo usiukanyagie.
Tunaanzia maabara.
Mavyaa nitamwambia mashine inapoa.